Jogoo wa Saruji

Jumatatu, 3 Machi

Mpwa wangu amenipa daftari hili na chupa ya plastiki iliyokatwa kichwa. Chupa niiweke uani ikinge mvua. Daftari niandike kila siku imenyesha kiasi gani na maji ya mtaani yamekwendaje. Nikamwuliza kama hiyo ndiyo kazi yenyewe. Akasema ndiyo, Mjomba, na ni kazi muhimu. Fundi aliyejenga nusu ya mitaro ya mji huu anapewa chupa. Haya.

Leo mvua hakuna. Chupa ina nzi mmoja.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa kuwa daftari ni nene na mvua haijaamua, nieleze kidogo, ili atakayesoma ajue anasoma maandishi ya nani.

Mimi ni fundi wa zege. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa ananichelewesha. Nikimaliza kazi, saruji ikiwa bado mbichi, huchora jogoo kwa ncha ya mwiko, kwa mstari mmoja, bila kuinua mkono. Ndiyo sahihi yangu. Mtaa mzima unamjua jogoo huyo: wengine nimewaonyesha mwenyewe, na ambao sikuwaonyesha wamesimuliwa na walioonyeshwa. Kuna kalavati nililijenga njia ya machimboni. Lori la mawe lilipinduka juu yake, likakatika vipande viwili, kalavati halikupata hata mchubuko. Dereva alitoka, akalizunguka, akalipa shikamoo.

Sasa mtaa wetu. Ni mteremko. Mimi nakaa juu. Dada yangu mkubwa, mama yake mpwa, anakaa chini kabisa, na maji yote ya mvua yana desturi ya kwenda kumjulia hali. Yeye ni mshonaji. Kila masika huipandisha cherehani yake juu ya matofali, na masika yakiisha huishusha. Katikati ya mteremko kuna kiwanja ambacho zamani kilikuwa kinamasi, kisha kikawa jalala.

Dawa ya haya yote nimeitaja miaka na miaka: mtaro wa zege, mpana, mnyoofu, kutoka juu hadi mtoni, maji yapite yakiimba. Lakini mpwa wangu amesoma, amekuwa mhandisi wa manispaa, na dawa aliyokuja nayo ni kinamasi. Anakirudisha. Tulichokifukia kwa taka kwa jasho letu, yeye anakifukua na kukipanda matete. Anasema maji ya barabarani yaingie humo, yatulie, ardhi iyanywe, yatakayobaki yatoke taratibu. Yaani adui anapita zake njiani, wewe unatoka kumwambia karibu ndani.

Jumapili, 9 Machi

Mkutano wa mtaa. Mpwa alieleza mradi wake, na kwa sauti siwezi kumkosoa, sauti amechukua upande wetu. Mwanzo nilisikiliza vizuri. Alipofika katikati, kwenye michoro ya barabara, mwenye duka aliyekaa kando yangu aliniuliza kama lile lori la machimboni lilibeba mawe au kokoto, na swali kama hilo halijibiwi nusunusu. Nilipomaliza, watu walikuwa wanapiga makofi. Nami nikapiga.

Mwenyekiti wa mtaa tunamwita Tumekubaliana, kwa sababu hufunga kila mkutano kwa neno hilo, hata watu wakiwa wameshikana mashati. Akafunga.

Nilimfuata mpwa nikamwambia hajachelewa, anipe mimi mtaro. Akasema, "Mjomba, mtaro wako unaondoa tatizo hapa unampelekea mama." Nikamjibu kuwa mtaro wangu haupeleki tatizo, unapeleka maji. Akacheka, akanishika bega kama unavyomshika mtoto aliyeshindwa hesabu. Bega lilelile alilokuwa akilalia alipougua surua.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua hakuna. Vibarua wa mkandarasi wanapanda matete kwa kamba na pima maji. Majani, kwa pima maji. Nimewatazama mpaka nikachoka kwa niaba yao.

Jumatano, 19 Machi

Ofisi imempeleka mpwa mji mwingine kukagua madaraja hadi mwezi ujao. Alipita kuaga. Nilimkuta kwenye kiti changu, anachezea ufunguo, hanitazami usoni. Kumbe wakubwa zake hawauamini mradi. Wamempa masika haya tu. Maji yasipoingia kwenye lile bwawa lake la matete, na kule chini pakiendelea kufurika, watalifukia, na yeye atarudishwa mezani kugonga mihuri mpaka azeeke.

Nikamwambia aende kwa amani, mimi nipo.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimefanya kazi, na ni kazi ya kuandikwa.

Jumatatu anakuja mgeni kutoka manispaa kukata utepe. Nikashuka kukagua, maana jicho la fundi ni jicho la fundi. Bwawa liko sawa kwa mtu anayependa mashimo. Lakini ukingo wa barabara, ule wa upande wa bwawa, nusura nilie. Wameujenga vizuri, halafu kila baada ya hatua chache wameacha pengo, pana kiasi cha kupitisha ndoo. Ukingo mzima umekaa kama mdomo wa mtu aliyeanguka na ngazi. Na wenyewe wamekwisha kusanya vyombo wakaondoka.

Najua mambo haya. Saruji iliwaishia, au waliiuza, wakaona nani atajua. Mgeni aje aone fedheha ile, na atakayesemwa ni mtoto wa dada yangu, ambaye hayupo kujitetea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema msubiri mkandarasi.

Nilitoa saruji yangu mwenyewe, ile iliyokuwa ya jiko la mke wangu. Mke akauliza, "Na jiko?" Nikamwambia heshima ya ukoo kwanza. "Jiko nalo ni la ukoo," akasema, akaingia ndani.

Mchanga niliuchekecha mara mbili. Ndani nikapanga mawe, nikashindilia, juu nikapiga niru, ule uji wa saruji tupu, mpaka ukingo ukang'aa kama sahani, hujui pengo lilikuwa wapi. Mchanganyiko nilioutia ni uleule wa kalavati la machimboni. Mtu wa kwetu hafanyiwi kazi ya kubahatisha. Na kila pengo nilipomaliza, jogoo. Mwenye duka alitoka kunipongeza. Watu waliokuwa wanapita walisimama.

Mpwa sijampigia simu. Zawadi haitangazwi.

Jumatatu, 24 Machi

Mgeni amekata utepe. Alipitisha mkono juu ya ukingo akasema kazi safi. Nilikuwa karibu. Nikakohoa.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua ya kwanza. Chupa: vidole viwili. Maji yalishuka yamenyooka kando ya ukingo, hayakumwaga hata tone, kama treni. Niliyafuata kwa mwavuli kwa furaha.

Bwawa kavu. Matete yamesimama vumbini kama wageni ambao hawajaambiwa wakae.

Ijumaa, 28 Machi

Dada amepandisha cherehani.

Jumanne, 1 Aprili

Chupa karibu nusu. Maji yameingia kwa dada mpaka chumba cha pili, na masika ndiyo kwanza yanaanza. Anasema zamani maji yalikuja yakipiga hodi, mwaka huu yanaingia kama mwenye nyumba. Bwawa bado kavu.

Nilimpigia mpwa simu nikamwambia nilisema. Akauliza kama njia za maji kuingia bwawani zimezibwa na taka. Nikamwambia nitaangalia.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeangalia. Nimelizunguka bwawa lote na fimbo, nimechokoa kila kona. Bomba la kuingiza maji halipo. Si kwamba limeziba. Halipo kabisa, wala halijawahi kuwapo. Basi nimeshajua: mkandarasi amekula mabomba.

Nikampigia mpwa. Akasema, "Mabomba gani, Mjomba?" Nikamwambia ndivyo wanavyowafanyia wasomi, mnaibiwa mpaka hamjui mmeibiwa nini. Simu ilikuwa inakatika kwa mvua. Nilichosikia vizuri ni kwamba anarudi Jumamosi ya wiki ijayo na tusiguse kitu. Nikamhakikishia sigusi. Na ni kweli, siku zote hizi nimeshika mwavuli tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua hakuna. Mke ameuliza habari za jiko.

Jumanne, 8 Aprili

Chupa ilijaa ikamwaga. Sijui niandike nini; nimeandika ilijaa.

Mtaani sasa kicheko ni kimoja. Mwenye duka analiita bwawa la vumbi, na vijana wanalichezea mpira. Kule chini nyumba ya dada na za jirani zake zinanuka tope. Jioni alikuja Tumekubaliana nyumbani kwangu, akavua kofia, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata msibani. Akasema wazee wameamua kuiomba manispaa ifukie bwawa na kujenga mtaro wa zege. Jumamosi wakubwa wa manispaa wanakuja kuona kwa macho yao. Na fundi wanayemtaka ni mimi. "Fundi," akasema, "tulikosea kutokukusikiliza."

Maneno haya nimeyangoja maisha yangu yote. Niliyafanyia hata mazoezi ya kuyajibu. Sasa mbona kikombe cha chai nilikiweka chini? Kwa sababu aliendelea. Akasema yule binti arudishwe ofisini, ameshindwa, vitabu ni vitabu na ardhi ni ardhi. Nikamwuliza binti yupi. Akasema yule mhandisi. Nikamwambia yule ni mpwa wangu. Akasema ndiyo, tumekubaliana.

Mimi mtaro niliutaka, ndiyo. Lakini nilitaka aje yeye mwenyewe aniombe, akae kwenye kiti kile, aseme Mjomba nisaidie. Sikutaka niletewe na Tumekubaliana kama nyama ya mnyama aliyekufa kibudu.

Jumatano, 9 Aprili

Nilishuka kwa dada kumsaidia kuzoa tope. Ameketi kibarazani anakamua sare za shule za watoto wa watu, rundo zima, zimelowa kabla hazijatiwa vifungo. Nikamwambia habari za mtaro, nikidhani atafarijika, maana ni nyumba yake itakayopona.

Hakuinua uso. Akasema, "Mtoto wangu akianguka, wewe utajenga. Hongera, mdogo wangu."

Nimebeba mifuko ya saruji tangu nikiwa kijana. Hongera ile nilipanda nayo mlima nikipumzika njiani.

Jumapili, 13 Aprili

Yaliyotokea jana sikuweza kuyaandika jana, vidole vilikuwa havifungi. Leo vinafunga nusu.

Asubuhi wingu lilikuwa jeusi. Walikuwapo Tumekubaliana na wazee wake, wakubwa wawili wa manispaa waliovaa viatu vya mpira, mwenye duka aliyefunga duka ili asipitwe, na mimi nimevaa shati la kupokelea kazi. Mpwa alifika kutoka stendi moja kwa moja, begi begani. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mkubwa mmoja akanyoosha kidole bwawani, akamwuliza kwa adabu, ile adabu ya kukufukuza kazi, kama lile ndilo bwawa lenyewe.

Mpwa hakugeukia bwawani. Alikuwa anatazama barabara. Akaweka begi chini, akatembea kando ya ukingo mpaka mwisho, akarudi akitembea polepole zaidi. Nikadhani anaistaajabia kazi.

"Ukingo huu uliachwa mapengo," akasema. "Ndiyo milango ya maji. Niliwaonyesha kwenye michoro mkutanoni. Yako wapi?"

Miguu yangu ilipata habari kabla ya kichwa. Ikarudi nyuma hatua moja. Wazee wakasema kwa pamoja kuwa ni mkandarasi, mkandarasi ni mwizi, kwanza aliiba mabomba. Mwizi wa mabomba walimpata kwangu. Mpwa akachuchumaa, akafuta tope kwa kiganja. Akatokea jogoo. Akasogea mbele kidogo, akafuta tena. Jogoo. Akasogea tena. Nikatamani huyu wa tatu awe nimemsahau, lakini mimi si fundi wa kusahau.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Miaka yote hiyo nimewaonyesha jogoo huyo kwenye ngazi, kwenye visima, kwenye makaburi ya baba zao. Mwenye duka alisema taratibu, kama anayemtambua marehemu, "Huyu ni jogoo." Tumekubaliana alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza lile neno lake halikutoka.

Nilikuwa na kisa. Kisa huwa sikosi. Hiki kilikuwa na kundi la wezi wa miiko waliojifunza kuigiza sahihi za mafundi maarufu, na kilikuwa kinakuja vizuri tu kichwani. Nikafumbua mdomo, nikamwona mpwa ananitazama, nikaufumba.

Akasema, "Umeziba vizuri, Mjomba."

Hakuwa ananikejeli. Angenikejeli ningejua la kufanya.

Hapo mvua ikafunguka yenyewe. Maji yakaja kutoka juu, yakaushika ukingo wangu uliong'aa kama sahani, yakateremka kwa mwendo niliokuwa nimeusifia. Yote, kwa dada. Wahenga walisema tuzibe ufa. Hawakusema ufa upi, na mimi sikuuliza. Nilikimbia nyumbani kuchukua mtaimbo, nyundo na tindo, na kwa umri huu na shati lile, nimekimbia.

Nikapiga pengo la kwanza kwa mtaimbo. Mtaimbo ukaruka, ukanirudia. Nikapiga tena, ikatoka cheche, kwenye mvua. Nimesema mchanganyiko ulikuwa wa kalavati. Katika maisha yangu sijamchukia fundi kama nilivyomchukia aliyejenga ukingo ule. Alichekecha mchanga mara mbili, mjinga yule. Alipanga mawe ndani. Mkubwa wa manispaa akauliza kama jambo hilo haliwezi kungoja mashine Jumatatu. Na mwenye duka, chini ya mwavuli wake, akauliza, "Fundi, lile lori lilikatika vipande vingapi vile?"

Sikumjibu. Ni mara ya kwanza kuulizwa habari za lile lori nisijibu.

Mtaimbo peke yake haukutosha; ilitakiwa tindo, na tindo lataka wa kulishika na wa kupiga. Mpwa akapiga magoti kwenye maji, akalishika tindo kwa mikono miwili, akaliegemeza kwenye shingo ya jogoo. Nikamwambia mvua inaniingia machoni, nyundo inateleza, aachie. Akasema, "Piga, Mjomba."

Mtu akikushikia tindo kwenye mvua amekukabidhi vidole vyake. Nilipiga kama ninavyojua kupiga, na mimi najua. Zege likapata ufa, jogoo akakatika shingo, nikatia mtaimbo, nikabinua. Likang'oka.

Maji yalifika pale pengo lilipofunguka, yakasita kama mtu aliyesikia jina lake. Kisha yakageuka. Yakaingia bwawani kwa kelele, yakabeba vumbi, yakabeba mpira wa vijana, yakaenda kusimama katikati ya matete.

Baada ya hapo hata wazee walileta sururu. Mwenye duka alifunga mwavuli. Tulivunja moja baada ya jingine, mpwa na tindo, mimi na nyundo, na kila jogoo alinipa kazi kuliko aliyetangulia. Tulipong'oa la mwisho, barabara chini yetu ilikuwa imelowa tu, haitiririki. Bwawa limejaa hadi magotini pa matete na halikutapika.

Tukashuka kwa dada. Maji yalikuwa yamefika tofali la juu, lile lililobeba miguu ya cherehani, yakakomea hapo. Alama ya tope ilikuwa mbichi ukutani, na maji yenyewe yameanza kurudi nyuma. Dada alikuwa amesimama juu ya kitanda na sare za watoto kifuani. Akauliza kumetokea nini.

Mpwa akasema, "Mjomba amefungua njia ya maji."

Aliyeifunga hakumtaja. Nilisubiri amtaje. Hakumtaja.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeshinda ukingoni nikirekebisha mapengo. Mpwa anataka kingo zake ziwe za mviringo, zisimeguke. Ameniambia niache wazi. Nikamwambia nimesikia. Akaniambia tena. Vibarua walikuwa wanasikiliza.

Nikamwuliza habari za jogoo. Akasema hiyo ni juu yangu. Nimemchora pembeni ya kila pengo, anatazama barabarani, anaona maji yanakotoka.

Bado ni ukingo mbaya. Hilo nitalisema mpaka kaburini.

Ijumaa, 18 Aprili

Chupa: vidole vitatu. Maji yote yameingia. Wakubwa wa manispaa walikuja, wakasimama, wakapiga picha, wakasema wataendelea kufuatilia hadi mwisho wa masika. Ndiyo lugha yao ya kuomba radhi.

Jumatatu, 28 Aprili

Vyura. Usiku kucha. Zege halina vyura, nilisema tangu mwanzo.

Jumatano, 7 Mei

Chupa nusu. Watu wa mtaa huu hawana adabu. Wanatupa mifuko na maganda barabarani, mvua inayakokota, yanaziba mapengo yangu. Leo nimetoa godoro. Nani anatupa godoro kwenye njia ya maji? Nimemfokea mwenye duka kwa maboksi yake, akaniuliza tangu lini nimekuwa mlinzi wa matete. Nikamwambia silindi matete, nalinda kazi yangu. Tumekubaliana akapita, akasema tumekubaliana. Sijui tumekubaliana nini.

Jumapili, 11 Mei

Mvua hakuna. Kuna ndege mrefu wa kijivu bwawani, anasimama kwa mguu mmoja asubuhi yote kama mkaguzi. Nilikwenda kumtazama mara mbili. Mke anasema mara nne.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua kubwa tangu alfajiri, chupa ilimwaga. Nilishuka kwa dada nikiwa na beleshi, kwa mazoea. Sakafu kavu. Cherehani iko chini, kwenye miguu yake, na masika hayajaisha. Sijawahi kuliona jambo hilo. Matofali ameyapanga kibarazani, na moja alikuwa amelikalia, anatia vifungo.

Akaniambia nikae, akanisogezea jingine. Tukakaa tunatazama mvua. Hakusema hongera, na mimi sikusimulia kitu.

Jumamosi, 24 Mei

Jioni nilikuwa pale ukingoni nachokoa majani kwa fimbo. Akaja fundi mmoja, mgeni mtaani, aliyekuwa anapiga plasta ukuta wa duka. Ana ndoo ya saruji iliyobaki, mwiko wake msafi, anashika vizuri. Akasimama akautazama ukingo, akasikitika kama nilivyosikitika mimi. Akasema, "Mzee, hapa walisahau. Mimi yangu imebaki, niwazibie?"

Nilitaka kumpiga kwa fimbo. Halafu nikataka kumkumbatia. Nikamwambia aweke ndoo chini, akae, nimweleze jinsi nilivyoyabuni mapengo haya mwenyewe, wahandisi wa manispaa wakanipinga, nikawashinda kwa hoja, mpaka mgeni wa kukata utepe akapitisha mkono akasema kazi safi. Alikuwa msikilizaji mzuri. Nilikuwa nimefika pale lori linapoanza kuingia kwenye hadithi ndipo nikahisi mtu nyuma yangu. Mpwa wangu alikuja kuchukua daftari na chupa, amekunja mikono, na sijui alianza kusikiliza wapi.

"Mwambie na habari za jogoo," akasema.

Nikasema ile ni ndefu na saruji ya kijana inakauka. Ikabidi tukaitumie. Tumeipeleka nyumbani wote watatu, mimi nimebeba ndoo, tukajenga jiko la mke wangu kabla ya giza kuingia. Mke alisimama mlangoni akitutazama mpaka nilipochukua mwiko kupiga niru. Ndipo akaniambia nisisahau kuacha mdomo wa kutilia kuni.